Mshika Kamba wa Msonge

Muindi alilisikia neno hilo kinywani mwa mkewe asubuhi moja alipokuwa akiosha mwiko wake wa ujenzi, na hakulipenda.

"Fundi anasema tusiite rondaveli," alisema Kamene. "Anasema ni msonge."

"Fundi yupi?"

"Chengo. Yule wa Kinango niliyekueleza. Nimempigia simu, Jumatatu yuko hapa."

Si kwamba neno lenyewe lilikuwa geni. Muindi alilisoma zamani shuleni, kule Shimba Hills alikozaliwa baada ya baba yake kutoka Makueni na kupewa shamba. Lilikuwa chini ya picha ya nyumba ya duara yenye mbuzi mlangoni. Lakini tangu waoane hakuwahi kumsikia Kamene akilitumia. Kamene alisema nyumba, jiko, stoo, choo. Sasa alisema msonge, na alilisema polepole, kama mtu anayeonja mchuzi uliopikwa na mwingine.

Shamba lao la Munje lilikuwa na nafasi, na shauri la kujenga vyumba vya wageni lilikuwa la Kamene. Mdogo wake Cynthia alikuwa mapokezi katika hoteli moja ya Diani, na kila mara alikuta wageni waliochoshwa na kelele za huko, wanaouliza mahali tulivu upande wa Msambweni. "Lakini wanataka vya duara," alisema Cynthia. "Vya pembe wanavyo kwao." Kamene akaweka akiba kwenye chama chake cha akina mama mpaka ikatosha, mawe ya timbo yakaletwa, na Muindi akaambiwa ajenge.

Hapo ndipo aibu ilipoanzia. Muindi alikuwa fundi wa pembe. Alijifunza mwenyewe, kwa kusimama kando na kuwatazama wengine, na Ukunda yote hakukuwa na mtu wa kumwambia kitu kuhusu kona iliyonyooka. Nyumba za kule alizipandisha yeye, na pima maji ikitulia juu ya ukuta wake ilitulia kabisa. Duara, hata hivyo, hakuwahi kulijenga. Alilipanga kwa akili ya kona: ubavu mfupi, halafu mwingine, halafu mwingine. Ukuta ulipofika magotini Cynthia alikuja Jumapili moja, akauzunguka mara moja na kusimama mikono kiunoni.

"Shemeji," alisema, "hii ni nyumba au ni nati ya trekta?"

Muindi hakuudhika na maneno ya shemeji yake, kwa sababu mashemeji wana ruhusa. Kilichomuuma ni kwamba Kamene alicheka pia. Aliweka mkono mdomoni, lakini alicheka.

Jumatatu Chengo alifika. Moyoni Muindi alikuwa amejiandaa kukutana na mtu mrefu, mwenye kifua na maneno laini. Aliyeshuka kwenye bodaboda alikuwa mtu mfupi mwenye kitambi, mwanya mkubwa mdomoni na kofia ya sufu iliyotoboka, akiwa amebeba kamba ya makumbi begani. Muindi akapumua. Akamkaribisha vizuri, akamwonyesha stoo ya mahindi ambamo angelala siku za kazi, maana Kinango ni mbali kwenda na kurudi, akampa na maji ya kunawa.

Chengo aliitazama ile nati. Kisha akatembea mpaka mahali pa wazi karibu na mnazi, akakanyaga chini, akageuka.

"Haya. Mwenye nyumba ni nani?"

"Mimi," alisema Kamene.

"Mimi," alisema Muindi pia, lakini la kwake lilikuja nyuma.

Chengo akatabasamu, mwanya wote nje. "Namuuliza aliyeitaka. Aliyeiota kabla haijakuwepo. Kwetu sisi kamba ya msonge haifungwi kwenye kigingi ikaachwa, kigingi hakina macho. Tunasimamisha mti katikati, na mwenye nyumba anasimama hapo na fundo la kamba amelibana kwenye mti. Mimi huku nashika ncha nyingine na kuzunguka nayo. Kila jiwe nakuja kulipimia kwake. Ukuta ukipanda, mkono wake unapanda nao."

"Ni mimi basi," alisema Kamene. "Hilo wazo ni langu."

Hakuna aliyeweza kubisha. Muindi akatafuta mahali pengine pa kuingilia.

"Hebu nieleze, bwana Chengo. Tofauti ya msonge na rondaveli ni ipi? Si duara ni duara tu?"

"Rondaveli ni jina la hotelini," alisema Chengo bila kuchokozeka. Alionekana kupenda kuulizwa. "Wanaliita hata lile jengo lenye ukuta wa mviringo na zege bapa juu. Na banda ni chochote kilichoezekwa makuti, hata pa kuuzia maji ya madafu. Msonge hauchanganywi na hivyo. Ukuta umezunguka, na miti ya paa inainuka kutoka ukutani pande zote, inasongana juu mahali pamoja. Inasimama kwa kuegemeana. Nguzo ya kati haibaki. Ukiingia, katikati ni pako. Kama miti haikukutana, basi hapo ita jina lolote upendalo, mimi simo."

"Umesikia?" Kamene alimwambia mumewe. Macho yake yalikuwa yameng'aa. "Katikati ni pako."

Muindi alisikia. Akaenda kuchekecha mchanga.

Kazi iligawanyika yenyewe. Chengo alipanga mawe, Kamene alishika kamba, na Muindi, fundi wa Ukunda yote, alichanganya simiti na kupeleka karai kwenye shamba lake mwenyewe. Hakulalamika. Alijiambia kuwa ni kazi kama kazi nyingine. Lakini mtu anayechanganya simiti ana nafasi kubwa ya kutazama.

Alichokiona kilikuwa hiki: mkewe amesimama katikati, mwanamume mwingine akimzunguka, na kati yao kamba imekazwa. Chengo akienda upande wa barabara, Kamene aligeuka upande wa barabara. Akienda upande wa mnazi, Kamene aligeuka naye. Hawakugusana hata kidogo, wala hawakukaribiana kupita urefu wa ile kamba. Muindi alijaribu kutafuta kosa na hakuliona, na hilo ndilo lililomchosha.

"Mwenye nyumba, kaza! Unanipeleka kwa jirani!"

"Nimekaza!"

"Hujakaza. Kaza kama unayeburuta mbuzi wa mahari na hataki kuolewa!"

Kamene akacheka mpaka kamba ikatikisika. Chengo akalalamika kwamba sasa jiwe linacheka pia, na Kamene akazidi. Muindi aliingiza koleo kwenye simiti, akageuza, akaingiza tena. Simiti ilikuwa imeshachanganyika kitambo.

Kozi za kwanza, zile safu za chini za mawe, kamba ilikuwa magotini pa Kamene. Baada ya siku chache ilifika kiunoni. Alianza kuvaa leso yake ya kijani, ile ya harusi ya binti wa jirani, na Muindi alipouliza kwa nini leso nzuri kwenye vumbi, alijibiwa kwamba ile nyingine imelowa. Alikwenda kwenye kamba ya nguo akaishika ile nyingine. Ilikuwa imelowa kweli. Akajiona mjinga, kisha akajiuliza ni nani aliyeifua siku ya kazi, na kwa nini.

Hakuwa mtu wa kuhukumu haraka. Mambo alipenda kuyapanga moja juu ya jingine na kuyapima. Lakini haya hayakupangika. Jioni, wakila, Kamene alizungumza habari za mawe. Alijua sasa kwamba jiwe la msonge huchongwa kichwani liwe jembamba upande wa ndani. Alijua kwamba mlango hauelekezwi kusini kwa sababu ya mvua za upepo. Muindi alikuwa amejenga mbele ya macho yake miaka yote hiyo, na Kamene hakuwahi kumuuliza jiwe linachongwaje.

"Msonge unapendeza," alisema Kamene, akikusanya sahani.

"Rondaveli," alisema Muindi.

"Fundi amesema..."

"Nimesikia alivyosema. Hata mimi ni fundi."

Kamene alimtazama kidogo, akabeba sahani, akaenda zake.

Siku kamba ilipofika kifuani pa Kamene, Muindi aliweka koleo chini. Hakuwa amepanga kufanya hivyo. Aliona tu ngumi ya mkewe imebana fundo pale kwenye mti, leso ya kijani nyuma yake, na Chengo upande wa pili amefumba jicho moja, akitazama kwa kufuata kamba kama mtu anayelenga kwa manati.

"Umesimama sana, Mama Mbula," alimwambia mkewe, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Leta nishike."

"Mwenye nyumba ndiye..." alianza Chengo.

"Miguu inamuuma. Sivyo, Mama Mbula?"

Kamene aliwatazama wote wawili. "Kwa kweli inaniuma," alisema. "Na mboga sijachuma. Shika basi, ila usilegeze."

Sasa Muindi alikuwa katikati. Alibana fundo kwenye mti, na upande wa pili wa kamba Chengo akazunguka, akiimba kwa pua wimbo usio na mwisho. Duara moja, hakuna kilichotokea. Kamene alirudi na mboga zake, akaketi mlangoni pa jiko, akaanza kuchambua, na Chengo akamrushia neno kutoka ukutani.

"Mwenye nyumba, huyu uliyeniwekea ni wa mbao? Hachekeshiki!"

"Mwache mume wangu, ana kazi!" alijibu Kamene, na akacheka, na akainamia mboga akiendelea kucheka peke yake.

Chengo alikuwa upande wa mnazi. Muindi akauondoa mkono kwenye mti, kidogo sana, upana wa kidole. Kamba ikaenda na ule upana. Chengo akasukuma jiwe nje mpaka likalingana na ncha yake, akaligonga, likakaa.

Hivyo tu. Kila Chengo alipofika upande wa mnazi mkono wa Muindi uliondoka kwenye mti, na kozi iliyofuata uliondoka zaidi. Safari moja Chengo alirudisha kichwa nyuma, akatazama ukuta, akasugua jicho kwa kifundo cha mkono.

"Leo jua limenipiga," alisema.

"Jua kali," alikubali Muindi.

Walipomaliza ukuta, Kamene alikuwa ameshapaka rangi ubao wa barabarani. Aliuandika kwa mkono wake, herufi za buluu: MISONGE YA KAMENE. Cynthia alikuwa amemshauri kwa simu aandike rondaveli, kwamba ndilo neno wageni wanalolitafuta, na Kamene akamjibu kwamba wageni wana midomo, watauliza maana yake wataelezwa.

Kisha ikaja siku ya miti ya paa. Chengo alikuwa ameikata yote kwa kipimo kimoja, na ule mti wa katikati akauacha uwe nguzo ya muda ya kumsaidia kupanda. Alifunga wa kwanza na wa pili iliyoelekeana, ikakutana juu. Akafunga ya upande wa barabara, ikakutana. Alipofika upande wa mnazi, mti ulifika karibu na wenzake ukaishia hewani. Akaushusha, akaupima. Akachukua mwingine. Nao ukaishia palepale, umepungua kwa upana wa kiganja.

Wimbo wa puani ulinyamaza. Alishuka, akauendea ukuta, akaulazia shavu akiutazama kwa urefu wake. Alipoondoka shavu lilikuwa na vumbi jeupe.

"Una tumbo," alisema. "Upande huu una tumbo, na ni mkono wangu."

Kamene alikuwa amesimama na kikombe cha chai alichomletea. "Hauwezi kurekebishwa?"

"Tia miti mirefu upande huo," alisema Muindi. "Nani atajua?"

"Mvua itajua, bwana Muindi. Upande huo utalala, maji yatakaa kwenye makuti, mwaka mmoja yameoza. Na tena utakuwa si msonge. Utakuwa ukuta wa mviringo wenye paa." Alivua kofia yake ya sufu akaikunja. "Mama, ubao ule usiutundike kwanza."

Kamene alimpa Chengo kikombe. Alikwenda kwenye ubao uliokuwa ukikaushwa juani, akaugeuza herufi zikatazama ukuta wa jiko.

Muindi alitarajia kufurahi. Alikuwa ameingoja saa hii tangu mkono wake ulipoondoka kwenye mti mara ya kwanza. Alitaka mkewe amwone Chengo anavyoshindwa. Na Kamene alimwona. Akamwekea sukari zaidi kwenye chai. Akamchinjia jogoo.

"Kila mtu hukosea," alimwambia mumewe jikoni, akimnyonyoa jogoo huyo. "Maskini, hajala tangu asubuhi. Anasema macho yake yanakwisha. Anasema akimaliza huu hatajenga mwingine, atarudi kwao kuchunga."

"Akimaliza? Si ameshindwa?"

"Ataubomoa upande ule aupange upya. Hataki malipo. Nimemwambia akae tu hata mwezi, na safari hii nitasimama mwenyewe mpaka mwisho."

Muindi alitoka nje akasimama nyuma ya jiko. Alipokuwa hodari, Chengo alipewa kicheko. Sasa ameshindwa anapewa huruma, na huruma ilikuwa na jogoo ndani yake, na mwezi mzima. Yeye mwenyewe alikuwa amemwongezea muda.

Siku iliyofuata Chengo alikwenda Ukunda akarudi amevaa miwani iliyonunuliwa kwa mchuuzi wa barabarani, mikubwa, yenye kioo kilichomfanya atazame kila kitu kwa kustaajabu. Aliijaribu kwenye kamba, akajikwaa kwenye karai. Kamene hakucheka. Ijumaa ikaja habari ya msiba kwao Kinango, na Chengo akaaga kwamba anakwenda matangani, atarudi Jumatatu kuanza kubomoa.

Muindi hakungoja Jumatatu. Jumamosi alfajiri alichukua nyundo na tindo, akapanda upande wa mnazi. Wazo lake lilikuwa la fundi: kazi ikiisha, fundi huondoka. Chengo akikuta ukuta umenyooka, atatia paa lake siku chache na kwenda zake na miwani yake. Simiti ilikuwa haijakomaa vizuri. Mawe yalitoka moja moja, naye akayashusha kwa uangalifu asiyavunje.

Kamene alitokea na leso ya kulalia mabegani.

"Unafanya nini?"

"Namsaidia mgeni wako."

Aliukaribia ukuta. Alitazama mawe yaliyoshushwa, kisha akatazama yaliyobaki, akaweka kiganja penye ule mpaka, akakipitisha taratibu kwenda kulia na kurudi.

"Mpaka hapa ni sawa," alisema. "Hapa ni kifua changu." Aliweka mkono wa pili kifuani kama anayejipima. "Tumbo linaanzia hapa juu."

Muindi aligonga jiwe.

"Baba Mbula. Kuanzia hapa nani alishika?"

Angeweza kusema kamba ilikuwa imelowa, au kwamba Chengo alikuwa amesinzia. Maneno yote mawili yalimjia. Lakini mkono wa mkewe ulikuwa bado umewekwa pale pale ukutani, na Muindi hakuwa amezoea kusema uongo juu ya ukuta.

"Mimi."

"Ulichoka?"

"Sikuchoka. Nililegeza."

Kuku walipita kati yao, mama na vifaranga vyake, wakaingia katika ile nyumba isiyo na paa na kutoka.

"Nyumba yangu," alisema Kamene. Hakupaza sauti, na Muindi angependa apaze. "Umeharibu nyumba yangu. Na yule mtu amenunua miwani."

"Ulikuwa unacheka naye."

"Nilikuwa nacheka. Ningelia? Kazi ilikuwa inakwenda!"

"Mimi nimejenga mbele yako miaka yote hii. Hujawahi kusimama kwenye ukuta wangu hata siku moja."

"Ulinialika lini?" alisema Kamene. "Wewe ukijenga hutaki mtu akusogelee. Nikileta maji unasema weka hapo. Yule amefika siku ya kwanza akasema njoo usimame katikati."

Ndivyo ilivyokuwa, na Muindi alijua. Kamene aliingia ndani ya ukuta, akaokota kamba, akaikung'uta vumbi. Akabana fundo kwenye mti. Kwa kuwa ukuta ulikuwa umempita kifua, alivuta ndoo akaigeuza akapanda juu yake.

"Changanya simiti uje upange," alisema. "Na Chengo akirudi utamwambia wewe, siyo mimi."

Walifanya kazi ile Jumamosi yote na sehemu ya Jumapili. Muindi alishika ncha ya kamba kwa mara ya kwanza. Alitarajia kumwona mkewe kama alivyodhani Chengo alikuwa akimwona, leso na ngumi na macho. Hakumwona. Jiwe lilitaka macho yote mawili. Ncha ya kamba lazima iguse uso wa jiwe bila kulisukuma, jiwe lazima ligeuzwe kidogo, simiti lazima ikatwe kabla haijatiririka, na ukiinua kichwa tu umepoteza alama. Kamene alikuwa uzito upande wa pili wa kamba, na sauti inayosema "sawa" au "bado." Kwa hiyo Chengo hakuwa akimtazama. Jambo hilo lilimtua Muindi mzigo, na papo hapo likamtwika mwingine, maana yeye aliwahi kusimama pale katikati pia, na alijua kwamba aliye katikati ana nafasi yote ya kutazama.

Jumatatu Chengo alirudi, miwani puani. Aliuona ukuta akiwa bado barabarani. Akauzunguka, akalaza shavu, akavua miwani akalaza shavu tena.

"Nani amepanga?"

"Mimi," alisema Muindi. "Na lile tumbo pia ni mimi. Macho yako ni mazima. Mkono wangu ndio uliolegea, na niliulegeza makusudi. Nisamehe."

Chengo alimtazama, kisha akamtazama Kamene aliyekuwa mlangoni pa jiko, kisha akarudi kwake. Kwanza uso wake uliiva kwa hasira. Alikunja kamba yake ya makumbi mkononi kwa nguvu kama anayetaka kuondoka nayo.

"Usiku mzima matangani nilikuwa nawaambia ndugu zangu nimekuwa kipofu," alisema. "Wamenichangia mbuzi nianze kuchunga."

"Nisamehe," alisema Muindi tena.

"Wewe ni wa tatu."

"Wa tatu nini?"

"Mume wa tatu. Wa kwanza alikata kamba. Wa pili, wa Samburu ya kule kwetu Kinango, alinitilia siafu kwenye kofia. Lakini hao niliwajua palepale." Akatikisa kichwa, na polepole ule mwanya ukaanza kuonekana. "Wewe umeniharibia kozi tatu na sikujua. Wewe ni fundi, bwana Muindi. Mwenye laana, lakini fundi. Na nilidhani Wakamba hamna wivu!"

"Tunao," alisema Kamene kutoka jikoni.

Siku zilizofuata miti ya paa ilipanda, na safari hii yote ilifika. Chengo aliifunga kwa kamba mpaka ikawa kitu kimoja, akaezeka makuti, na alipomaliza akasema nguzo ya muda iondolewe. Mwenye nyumba ndiye aliyeing'oa. Kamene aliitikisa, akaivuta, ikatoka chini na kutoka juu, na paa likabaki. Alisimama katikati ameinua uso. Chengo alikuwa bado juu kwa nje, akipunguza ncha za makuti kwa panga na kuimba kwa pua.

Muindi aliingia akasimama karibu naye. Swali alikuwa amelibeba tangu Jumamosi, na alijua ni swali lisilofaa.

"Siku zote zile uliposhika kamba," alisema kwa sauti ya chini, "ulikuwa unatazama nini?"

"Chengo," alisema Kamene. Hakushusha macho. "Ningetazama wapi? Yeye akikosea jiwe, nyumba yangu imekosea. Nilimtazama mpaka nikajua kiraka cha kila suruali aliyo nayo." Ndipo akamgeukia. "Na wewe uliposhika, ulikuwa unatazama nini?"

Muindi alikumbuka mlango wa jiko, na mboga, na kichwa kilichoinama kikicheka.

"Wewe."

"Ndiyo maana ukuta ukatoka tumbo," alisema Kamene, na safari hii hakuweka mkono mdomoni.

Jibu hilo halikumtosha. Angependa Kamene amwambie kwamba hakumtazama yule mtu hata mara moja, ingawa yeye mwenyewe asingeamini. Juu yao panga lilinyamaza.

"Mwenye nyumba!" aliita Chengo. "Ile nati tunaibomoa kesho tuanze wa pili, au mmenichoka?"

Kamene alimtazama mumewe. Alikuwa anamngoja ajibu. Muindi alitazama ile miti ilivyokutana, kila mmoja ukiegemea wenzake, na hakuna hata mmoja ambao ungetolewa.

"Mwambie tunaanza," alisema. "Ushike kamba wewe."

"Mpaka juu?"

"Mpaka juu."

Akatoka kwenda kuangalia kama simiti iliyobaki inatosha. Nyuma yake aliwasikia wakipangana, sauti ya mwanamke kutoka ndani na ya mwanamume kutoka juu ya paa, na kicheko, nacho kikamuuma kama zamani. Aliinama akafungua mfuko wa simiti, akapima kwa jicho, akaanza kuchekecha mchanga wa kesho.